Mwanangu, ngoja nikusimulie habari za Tommy Cooper

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeanza kututia adabu. Bibi yako kanipigia simu juzi, simu ndefu kweli, na habari alizonipa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba siku ya mahafali ulipanda jukwaani kufanya mazingaombwe, karata zikakuponyoka zote mbele ya mgeni rasmi na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ya pili, kwamba tangu siku hiyo vifaa vyako umevifungia sandukuni na hutaki hata kuvisikia. Hii ya pili aliisema kwa furaha isiyojificha. Unamjua bibi yako, kwake mazingaombwe na uchawi ni mtu na binamu yake.

Sasa mimi sikuandikii kukupa pole. Nakuandikia kuhusu mtu aliyeponyokwa na vitu jukwaani kwa karibu miaka 40, akachekwa kila alipopanda, na watu wa huku mpaka leo wakimtaja wanang'aa macho.

Anaitwa Tommy Cooper, mwanamazingaombwe mchekeshaji. Alizaliwa tarehe 19 Machi 1921 hapa hapa Caerphilly ninakofanyia kazi, mji mdogo wa Wales wenye ngome kubwa ya mawe, si mbali na Cardiff. Alihamishwa bado mtoto mdogo, akakulia kusini mwa Uingereza, lakini watu wa hapa hawataki kusikia hayo. Kwao ni mtoto wa nyumbani, basi. Mwaka 2008 walimsimamishia sanamu karibu na ngome, kwa juhudi za chama cha mashabiki wake, na aliyekuja kuifunua ni Anthony Hopkins, yule mwigizaji wa sinema, naye ni mtu wa Wales na shabiki mkubwa. Mimi huipita sanamu hiyo nikienda dukani. Sijawahi kuiona kwa muda mrefu bila mtu kujipiga picha nayo.

Lakini mimi Cooper sikumjulia kwenye sanamu. Nilimjulia kazini. Hapa kwenye nyumba ya wazee tunaye mzee mmoja aliyekuwa mchimba makaa ya mawe. Kiharusi kilimnyang'anya maneno karibu yote, ukimuuliza chai au maji anakuonyesha kwa kidole. Alasiri moja televisheni ilikuwa inarusha vipindi vya zamani, akatokea jitu la mtu lenye tarabushi nyekundu kichwani. Mzee wangu akainua mikono yote miwili, vidole vimetanuka, akaitikisa kuelekea upande mmoja, na kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia akasema msemo wa jitu lile, ambaye ndiye Cooper, "Hivyo tu!" Chumba kizima kikaitikia, wazee wote, mikono juu, "Hivyo tu!" Hata yule bibi anayeniuliza kila asubuhi mimi ni nani aliitikia.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kuwadodosa. Na nimegundua jambo: ukiwauliza mashabiki wake alikuwa akifanya mazingaombwe gani, wanababaika. Ukiwauliza alikuwa anasimamaje, wanasimama wenyewe wakuonyeshe.

Alikuwa mrefu wa zaidi ya mita 1.9, miguu mikubwa ajabu. Anaingia jukwaani, meza imejaa vikorokoro, anavitazama kama si vyake, halafu anaanza kucheka peke yake. Hajasema neno, watu hoi. Nenda katafute video yake ya chupa na glasi, haihitaji Kiingereza kingi. Ana chupa moja, glasi moja, na mirija miwili mipana ya kuvifunikia. Chupa ihamie kwenye glasi, glasi ihamie kwenye chupa, ndiyo kazi yote. Anafunika, anafunua, anataja "glasi, chupa, chupa, glasi" kwa kasi mpaka ulimi unamteleza, mara chupa imetokea pasipotakiwa, anaifunika haraka kana kwamba hatukuona. Halafu inatokea nyingine. Na nyingine. Mwisho meza imejaa chupa, na yeye anahangaika nazo kwa uso wa mtu aliyefumaniwa.

Rudia kuitazama, safari hii usicheke. Tazama mikono tu. Chupa zote zile zilikuwa zimefichwa wapi? Mtu asiyejua kazi angezitoa vipi moja moja, kila moja kwa wakati wake, huku akijifanya hajui zinatoka wapi? Cooper alikuwa mwanachama wa Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe cha London ambacho hakipokei mtu ovyo. Alizijua mbinu zote za kawaida na akazifanyia mazoezi mpaka akaweza kuziharibu kwa kipimo. Anaharibu la kwanza, la pili, la tatu; wewe umeshajilegeza unacheka, ndipo anafanya moja lililo safi kabisa, na hujui limepitia wapi. Mashabiki waliokuwa wanamazingaombwe wenyewe ndio wanaolisema hili zaidi, na kwa heshima.

Kuharibika kwa mara ya kwanza, lakini, hakukuwa kwa makusudi. Shangazi yake alimpa sanduku la mazingaombwe alipokuwa na miaka 8. Alipofika ujana akapelekwa kujifunza kazi ya kuunda meli huko Hythe, karibu na Southampton, na siku moja akaamua kuwaburudisha wafanyakazi wenzake. Mwenyewe alikuwa akisimulia: woga ukamshika, kila kitu kikaenda mrama, akaondoka na fedheha yake. Baadaye alipotulia akakumbuka kwamba wale watu walikuwa wamecheka sana. Akaanza kukichunguza kile kicheko.

Na tarabushi? Hilo utalipenda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa farasi wa Mfalme, akapelekwa Misri, na huko akawa anawatumbuiza askari wenzake. Usiku mmoja Cairo alisahau kofia yake ya maonyesho. Mhudumu akapita amevaa tarabushi, Cooper akamvua kichwani akaivaa yeye. Watu wakacheka, na tangu hapo hakuiacha. Ni tarabushi ileile, mwanangu, ya wapiga taarab wa Unguja kwenye picha za zamani, na ya maaskari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni. Kwetu ilikuwa vazi la heshima, kitu cha kumfanya mtu anyooshe mgongo. Yeye aliivaa na uso ule, ndiyo maana nilipomwona mara ya kwanza nilicheka kabla hajafanya lolote, pengine kwa sababu tofauti na wenzangu.

Baada ya vita alikwenda kujaribiwa BBC, na mkaguzi akaandika kwamba huyu ni kijana asiyevutia na matamshi yake hayaeleweki. Sina la kuongeza hapo.

Kuna kitu kingine ambacho mashabiki hawakukijua mpaka amekufa. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilichukua masanduku 116 ya nyaraka na vifaa vyake. Mle ndani mlikuwa na vichekesho alivyoviandika na kuviweka kwenye faili kwa mpangilio wa alfabeti, kila kimoja mahali pake. Yule mtu aliyeonekana hajui hata glasi yake iko wapi! Kimoja anachonisimulia mhudumu mwenzangu ni hiki: Cooper kaokota fidla kuukuu na picha ya rangi darini, kampelekea mtaalamu. Mtaalamu kamwambia, una kazi ya Stradivarius na kazi ya Rembrandt. Bahati mbaya Stradivarius hakujua kuchora, na fidla za Rembrandt zilikuwa mbovu. Ukikichambua utaona hakuna neno la ziada. Bora ujue tu kwamba Stradivarius alikuwa fundi wa fidla na Rembrandt mchoraji, vinginevyo utabaki umekodoa macho kama mimi siku ile.

Mimi nimekulia mazingaombwe ya aina nyingine. Mwalimu anatangaza mstarini kwamba kesho kuna mwanamazingaombwe, kila mtu aje na hela yake. Anakuja bwana mmoja kanuna, anameza viwembe, anakata makaratasi yanageuka noti, na anatuonya kwamba mwenye kumwangalia vibaya litampata la kumpata. Tulitoka pale tunatetemeka. Wachache wenye akili ndio waliouliza kama anaweza kutengeneza noti, hela zetu anachukua za nini. Bibi yako anaogopa kwa sababu wote aliowaona yeye walikuwa wa namna ile. Walijipatia heshima kwa kutisha. Basi mwonyeshe video za Cooper. Mwonyeshe akivaa na kuvua makofia, anasimulia shairi la watu walioko baa, kila mhusika na kofia yake, baharia, askari, mara kofia zinachanganyika na yeye mwenyewe anapotea hajui sasa ni nani. Bibi akimaliza kutazama muulize jini liko wapi. Nadhani utamsikia akicheka, ingawa atakwambia amecheka kwa sababu nyingine.

Na usidhani nakuletea malaika. Alikuwa mlevi, na pombe ilimharibia afya na kazi. Nyumbani pia hakukuwa shwari. Alikuwa na mke na huku ana mwanamke mwingine kwa miaka mingi. Halafu mkono wa birika! Hadithi inayosimuliwa mno ni kwamba akishuka kwenye teksi humtilia dereva kitu mfukoni na kumwambia akajipatie kinywaji. Dereva anaingiza mkono, anakuta kifuko cha majani ya chai. Wazee wangu wanaisimulia hii wakijipiga mapaja. Mimi namfikiria dereva.

Mwaka 1977 alipata mshtuko wa moyo akiwa Rome, akapona, akaendelea. Tarehe 15 Aprili 1984, Jumapili usiku, alikuwa kwenye jukwaa la ukumbi wa Her Majesty's, London, na kipindi kinarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Msaidizi alimvika joho refu. Mpango ulikuwa atoe vitu chini ya joho, kimoja kikubwa kuliko kingine, na nyuma ya pazia alijificha Jimmy Tarbuck, mwendesha kipindi, wa kumpitishia. Cooper akarudi nyuma hatua, akalegea, akaketi chini akiegemea pazia. Watu wakacheka. Kwa nini wasicheke? Mtu huyu kazi yake ilikuwa kuanguka, kusahau, kuharibikiwa. Hata waliokuwa nyuma ya jukwaa kwanza walidhani kaongeza mbwembwe. Alikuwa anakufa. Matangazo ya biashara yakaingizwa, wakamvuta nyuma ya pazia, na ilibidi wachekeshaji waliofuata waje mbele kuendelea na kipindi huku yeye akishughulikiwa nyuma yao. Alikuwa na miaka 63.

Bibi mmoja hapa aliniambia usiku ule walikuwa familia nzima sebuleni, na walicheka mpaka matangazo yalipoingia. Nilimuuliza kama anajisikia vibaya akikumbuka. Akasema hapana; kinachomuudhi ni kwamba video ya dakika zile inazungushwa mitandaoni kama kioja. Nakubaliana naye. Utakutana nayo ukimtafuta, ipite.

Kuhusu wale wanaomfuata, utawaona mwenyewe. Kabla yake walikuwepo wanamazingaombwe wachekeshaji, sisemi aliwaanzisha yeye, lakini kwenye jukwaa la Uingereza leo mtu akidondosha kitu kwa makusudi na kututazama kwa aibu, wazee wangu wanasema jina la Cooper kabla kitu hakijafika sakafuni. Na wajukuu wanaokuja kuwatembelea Jumapili, waliozaliwa miaka zaidi ya 20 baada ya kufa kwake, wanaitikisa mikono ileile. Wameipata kwa babu.

Niliwasimulia mkasa wako wa mahafali, unisamehe. Yule mzee wa makaa alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha vidole kuniomba karata za mezani. Nikampa. Mkono wake mmoja haufanyi kazi. Akazitawanya zote sakafuni, akanitazama kwa sura ya kushangaa, akasubiri nicheke. Nilicheka. Akanionyesha niziokote, akazitawanya tena, safari hii akachelewa kidogo kunitazama, na ikachekesha zaidi. Tulifanya hivyo mpaka zamu yangu ikaisha. Mgongo wangu ulijua.

Kwa hiyo nataka uniambie kitu, na uniambie kweli. Zilipokuponyoka, ulifanya uso gani? Ulitazama sakafu, au ulitazama watu? Na mgeni rasmi alicheka lini, zilipoanguka au ulipoinama? Jibu kwa ujumbe wa sauti, sitaki yale maandishi yako ya mkato.

Shangazi yako anasafiri mwezi ujao, nitampa leso za hariri na pakiti mbili za karata ngumu zisizokunjika. Tarabushi sinunui, kwa kaka yangu iko moja ya babu, kamwombe kwa adabu, na uirudishe. Nisalimie bibi, mwambie dawa za presha anywe kwa saa.

Wasalaam,
Mama yako