YAH: Kufunga muhula wa kwanza, na maelezo kuhusu ufadhili wa maabara

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ya Kata,
Newala, Mtwara.

Kwa wazazi na walezi wote,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na poleni na kazi ya ufuta. Tunafunga shule Ijumaa hii saa nne asubuhi. Kidato cha Nne hawaondoki, wanabaki kambini wiki mbili. Kambi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua ndefu badala ya ile ya nusu ukurasa mliyoizoea.

Tangu bango la kampuni inayofadhili maabara yetu lisimamishwe pale njia panda, maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema shule sasa ina pesa, kwa hiyo michango basi. Wapo wanaosema pesa imeshaliwa. Mzee mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza kama ni kweli kampuni imeinunua shule. Nilicheka, ila usiku ule usingizi ulichelewa kuja. Naona ni heri niseme mwenyewe kilichotolewa na kisichotolewa.

Shilingi taslimu hatukupewa hata moja. Kampuni ilileta vifaa: bureti na pipeti (mirija ya kupimia kemikali za maji), hadubini sita, mizani ya kielektroniki, sola ya juu ya paa la maabara, na kemikali za mwaka mmoja. Taasisi yake ya hisani inawalipia wanafunzi sita sare, daftari na hosteli. Mfadhili alilipa pia mafuta ya basi kwa safari moja ya masomo. Basi. Orodha ya vifaa imebandikwa kwenye mlango wa maabara ikiwa na saini ya mwenyekiti wa bodi. Mzazi anayetaka kuhesabu aje siku yoyote ya kazi, ufunguo anao mwalimu wa kemia.

Kwa nini vifaa hivyo ni vya maana? Mwaka jana Kidato cha Nne walishika bureti kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani wa Taifa. Taitresheni, yaani kudondosha kemikali tone kwa tone ndani ya nyingine mpaka rangi igeuke, walikuwa wakiiona ubaoni, imechorwa kwa chaki. Mtoto anaweza kukariri kwamba rangi itabadilika, lakini kwenye mtihani wa vitendo anatakiwa asimamishe tone kwa mkono wake pale pale rangi inapogeuka, na mkono haukariri. Ndiyo maana ya kambi hii: kila mwanafunzi wa sayansi arudie zoezi hilo mpaka limchoshe.

Sasa nije kwenye upungufu, kwa sababu mfadhili hausemi kwenye bango lake. Maabara inahitaji maji kila siku. Ninyi wenyeji wa uwanda huu wa Wamakonde hamhitaji mimi niwaeleze habari ya maji. Mama zenu walishuka mabondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Mabomba ya Mradi wa Makonde yakikauka, hadubini sita na mizani vinabaki mapambo. Kampuni ilipoulizwa kuhusu tangi la kuvuna maji ya mvua, ilijibu kwamba haliko kwenye bajeti ya sayansi. Nilijibu kwamba kwetu Newala maji ndiyo ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kemia. Hawakucheka.

Jambo la pili ni kemikali. Hadubini ikitunzwa itadumu miaka, lakini kemikali huisha. Shule niliyofundisha kabla ya hapa iliwahi kuletewa kompyuta na mfadhili mwingine, wakati umeme haujafika. Zilipokelewa kwa ngoma na hotuba. Nilipoondoka, panya walikuwa wamezaa ndani ya mbili. Kwa hiyo safari hii bodi ilikataa kusaini mpaka makubaliano yataje nani atanunua kemikali mwaka wa pili na wa tatu, nani atatengeneza betri za sola zikichoka, na nani atawafundisha walimu. Tulipata mawili kati ya matatu. La betri ni letu.

Niseme pia kuhusu picha. Siku ya makabidhiano, mpiga picha aliyekuja na wageni alimtaka mwanafunzi wa Kidato cha Pili avue viatu ili picha ipendeze. Viatu hivyo baba yake alivinunua kwa malipo ya mnada wa korosho. Nilikataa, na picha ilipigwa na viatu vyake miguuni. Baadhi yenu mlisema nimewaudhi wageni. Inawezekana. Msaada tunauhitaji na shukrani nimezitoa kwa dhati, lakini mtoto hakuja shule kuigiza umaskini.

Kuhusu wale sita waliopata ufadhili, wazazi wawili walifika ofisini wakiwa na hasira, na nawashukuru kwa kuja badala ya kusemea vilingeni. Taasisi ilitaka watoto wenye uhitaji wanaofanya vizuri hisabati na sayansi, na wasichana wasipungue nusu. Walimu walileta majina, serikali za vijiji zikathibitisha hali za nyumbani, bodi ikachagua. Mtoto wa dada yangu alikuwa kwenye orodha ya kwanza. Nilitoka kwenye kikao alipojadiliwa, na hakuchaguliwa. Dada yangu mpaka leo ananipa mkono wa kushoto.

Najua neno kampuni likitajwa kwenye mikutano yetu watu hununa, na najua chanzo. Gesi ya Mnazi Bay, hapa mkoani kwetu, iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 inapita kwenye bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Vurugu zilizotokea mkoani mwaka 2013 kwa ajili ya bomba hilo wengi wenu mnazikumbuka kuliko mimi niliyehamia baadaye. Sitaki kufukua. Ila tusichanganye mambo mawili. Kampuni inayofanya biashara hulipa halmashauri ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo yake. Hiyo ni haki, haiombwi kwa ngoma, na wa kuulizwa imefanya nini ni diwani. Vifaa vya maabara ni hiari juu ya haki hiyo. Mtu akiwaambia vifaa vimelipa badala ya ushuru, muulizeni kwa adabu mpaka achoke.

Mengine mazuri ya muhula huu. Kidato cha Tatu walikwenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, mafuta ya basi yakilipwa na mfadhili. Kabla ya safari mwalimu aliuliza nani amewahi kupuliza mikorosho, mikono yote ikanyooka. Akauliza salfa inaufanya nini ubwiriunga, darasa likawa kimya. Miaka yote wanaipuliza, wanakohoa vumbi lake, na hakuna aliyewaambia kwamba ubwiriunga ni ukungu, na salfa huzuia mbegu zake zisiote kwenye majani machanga na maua. Waliporudi, watatu walikuja na swali lao wenyewe: mafuta yanayobabua mikono wakati wa kubangua korosho, je, yanaweza kuzuia mchwa kwenye nguzo za nyumba? Nguzo za majaribio zimechimbiwa nyuma ya jiko la shule. Tafadhali mbuzi zenu zisifike huko.

Kazi hiyo tunataka kuiombea nafasi kwenye mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland. Kwenye mashindano hayo washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu kutoka Karimjee Jivanjee Foundation. Na kwa wanaowaza mbali zaidi, tangu 2022 Serikali ina Samia Scholarship kwa wanaofaulu vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita na kwenda kusomea sayansi, uhandisi au tiba. Njia ipo, lakini inaanza na mtoto aliyekula.

Hapo ndipo naomba. Elimu bila ada ya tangu 2016 haikuondoa njaa ya saa saba mchana, na bango la njia panda halipiki makande. Makubaliano ya mkutano wa wazazi hayajafutwa: kilo 20 za mahindi na kilo 5 za kunde kwa kila mwanafunzi, ziletwe ghala la shule kabla ya kufungua. Asiye nazo sasa aje tuongee, tutasubiri msimu wa korosho. Mtoto hatarudishwa nyumbani. Kwa tangi la maji, mafundi wazazi wamejitolea kujenga msingi. Tunahitaji mawe na mchanga.

Unyago una wakati wake na siupingi, binti zangu wenyewe wamechezwa. Naomba tu sherehe ziishe ndani ya likizo. Muhula uliopita msichana anayeongoza fizikia alikosa wiki tatu za mwanzo, na alirudi akiwa nyuma ya somo la umeme ambalo mpaka leo analifukuzia.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa tatu, chini ya mwembe. Mwakilishi wa taasisi amealikwa, na maswali ya betri mwulizeni yeye. Ripoti za wanafunzi ziko kwa walimu wa madarasa. Zisainiwe na mzazi mwenyewe, si kaka mtu. Saini za kaka tunazifahamu.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Shule