Barua kwa Ngonyani kuhusu tumbaku ya kulowekwa

Bwiru, Mwanza
Jumapili, 7 Septemba 2025

Ndugu yangu Ngonyani,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako imenifikia salama pamoja na kile kifurushi cha majani, na nimefurahi sana kusikia kwamba shemeji ameshapata nafuu. Sisi huku hatujambo, tunaendelea na vumbi la kiangazi. Umeniuliza mambo mawili: kama ni busara kumtumia mpwa wako fedha akununulie huko Italia vimiminika vya vepu, yaani vya sigara za kielektroniki, vilivyokamuliwa kutoka kwenye majani halisi ya tumbaku, na kama wewe mwenyewe unaweza kuyaloweka majani ya Namtumbo ukapata kitu kile kile bila gharama ya safari. Nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa haya ndiyo tunayobishania hapa kila tukikutana.

Kwanza ufahamu kwamba vimiminika vingi vilivyoandikwa tumbaku kwenye chupa havina ladha ya tumbaku hata chembe. Nikotini iliyomo kwa kawaida hutoka kwenye jani, lakini imesafishwa mpaka haibaki na ladha yoyote ya shambani, na ile ladha unayoisikia imetungwa maabara kwa kemikali chache, kama asetili pirazini inayonukia mahindi au karanga za kukaanga, na ethili maltoli inayoleta utamu wa sukari iliyoungua. Hayo hayana ubaya kwa mtu anayetaka kitu chepesi cha kumtoa kwenye sigara, lakini wewe uliyevuta kiko miaka yote ile tukiwa Urambo utayachoka kabla chupa haijafika nusu. Hiki unachokiulizia ni kitu kingine kabisa. Mtengenezaji huchukua majani yaliyokaushwa na kukomaa, huyakatakata, huyaloweka katika propilini glaikoli au glisirini, vile vimiminika vizito vinavyogeuka mvuke ndani ya kifaa, au katika pombe ambayo baadaye huiondoa, huyaacha humo kwa wiki kadhaa na pengine miezi, kisha huyakamua na kuyachuja tena na tena, akianzia na vichujio vya kawaida na kumalizia na vile vya maabara ambavyo matundu yake hayaonekani kwa macho. Wapo wanaoharakisha kazi kwa kupasha moto. Mimi napenda zaidi yale yaliyolowekwa bila moto, kwa sababu naona jani linabaki na sauti yake, ingawa mstaafu mmoja wa reli katika kundi letu husema kwamba hayo ni maringo yangu tu na kwamba akifumbwa macho hawezi kutofautisha.

Kundi lenyewe ni dogo, watu wa makamo tulioacha sigara, na hukutana hapa kwangu barazani upepo wa ziwa unapokuwa umetulia. Chupa hazipatikani kwa urahisi hapa mjini, kwa hiyo yeyote anayeletewa na ndugu aliyetoka nje huileta tukaionja pamoja kabla mwingine hajaagiza ya kwake. Utaratibu wetu ni mkali kidogo. Hatuonji mara baada ya kula, maana mtu aliyetoka kwenye sato wa kukaanga na pilipili hana ulimi wa kuhukumu chochote. Kila mmoja huja na kipande chake cha mdomo, kwa sababu za afya ambazo sihitaji kukueleza. Na pamba inayonyonya kimiminika ndani ya kifaa hubadilishwa kabla ya kila kimiminika kipya, la sivyo unaonja cha jana ukidhani ni cha leo. Chupa ikifika, jambo la kwanza ni kuiinua dhidi ya mwanga wa dirisha. Kilichokamuliwa kwenye jani huwa na rangi, kuanzia manjano ya majani makavu hadi weusi wa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na ukiona machicha yametulia chini ujue mchujaji alikuwa na haraka. Rangi peke yake si ushahidi, kwa maana rangi inaweza kutiwa, lakini machicha hayadanganyi.

Sasa kuhusu majani yenyewe, ambako ndiko raha yote ilipo. Virginia ni ile ile tumbaku ya mvuke uliyoiona ikining'inia katika mabani, yale majengo ya kukaushia, huko Tabora. Unakumbuka jinsi walivyoiacha kwanza igeuke manjano kwa joto la chini, kisha wakapandisha moto siku hadi siku: katika hatua ile ya mwanzo wanga wa jani hugeuka kuwa sukari, na joto la baadaye hulikausha kabla sukari haijaliwa, ndiyo maana kimiminika chake kina utamu wa nyasi kavu na wakati mwingine asali. Burley, inayokaushwa kwa hewa kivulini kwa wiki nyingi, hufanya kinyume, kwa kuwa jani linaendelea kuishi na kula sukari yake mpaka inakaribia kwisha. Kwa hiyo ladha yake ni kavu, ya karanga na kakao. Latakia ya Kupro hufukizwa kwa moshi wa miti na vichaka vyenye harufu, na kimiminika chake kinanuka kiasi kwamba tangi lililokibeba ni vigumu kulitumia kwa kingine tena. Nakushauri uiache kwa sasa. Ipo pia Perique ya jimbo la Louisiana, ambayo hushindiliwa kwenye mapipa na kuachwa ichachuke kwa takriban mwaka mzima, nayo huwekwa kidogo tu katika mchanganyiko kama kiungo, inaleta uchachu wa matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sijaipenda ikiwa peke yake.

Lakini kwako wewe habari kubwa ni Kentucky. Hiyo ni tumbaku nyeusi inayokaushwa kwa moshi wa kuni, na Waitaliano wameipenda siku nyingi kwa sababu ndiyo inayotengeneza Toscano, zile sigara zao nene za majani matupu ya tumbaku. Siku tulipoionja kimiminika chake kwa mara ya kwanza, mfamasia wetu alisema inanukia kama nyama iliyobanikwa, mstaafu wa reli akasema ni ngozi ya kiti cha zamani, nami nikakaa kimya kwa kuwa nilikuwa nimeshaitambua: ni tumbaku ya moshi, ndugu yake wa damu na hii unayoilalia mlango wa pili huko Ruvuma. Majani uliyoniletea niliyaweka mezani karibu na chupa ile, kila mtu akanusa hiki na kile. Jani lako lilikuwa kali zaidi na lenye moshi mbichi zaidi, wakati chupa ilikuwa na ulaini fulani ambao nadhani umetokana na kukomaa, lakini hakuna aliyebisha kwamba ni ukoo mmoja. Nilisikitika kidogo kufikiri kwamba mkulima wa Namtumbo anauza jani lake kwa kilo, halafu jani la namna hiyo linarudi kwetu ndani ya kichupa kidogo kwa bei ambayo yeye angeistaajabia.

Kabla hujafungua mkoba, ujue gharama ambayo haiandikwi kwenye chupa. Jani linapolowekwa halitoi harufu peke yake. Linatoa pia sukari na chembechembe ambazo haziyeyuki kuwa mvuke, nazo hubaki kwenye koili, ule waya wa kifaa unaopata moto, na kujenga gamba jeusi. Kimiminika cha kawaida kisicho na utamu mwingi kinaweza kukaa na koili moja muda mrefu, lakini Virginia nzuri itaiua koili ile ile upesi sana, na ukishaanza kusikia ladha ya kuungua umeshachelewa. Kwa hiyo usinunue kile kifaa chenye koili za dukani zinazotupwa nzima. Nunua tangi ambalo unaweza kulifungua, ukachomoa pamba kwa kibano, ukaichoma koili kavu mpaka gamba ligeuke jivu, ukaipiga brashi na kuiwekea pamba mpya. Ni kazi ya dakika chache, na mkono ukizoea unaifanya huku unazungumza. Tumia koili yenye ukinzani wa umeme wa omu moja au zaidi kidogo, wati chache, kumi na kitu zinatosha, na uvute taratibu kinywani kwanza kama ulivyovuta kiko. Vijana wanaopuliza mawingu makubwa kwa wati nyingi wanaichoma tu tumbaku ya watu.

Nije kwenye afya, maana shemeji ataisoma barua hii. Neno asilia lililopambwa kwenye chupa hizi lisikudanganye. Kinachokosekana ni moto, na bila moto hakuna lami wala ile gesi ya sumu ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye sigara, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyevuta kama sisi. Hata hivyo jani huja na vya kwake. Mwaka 2015 mtafiti Konstantinos Farsalinos na wenzake walichapisha vipimo vya vimiminika 21, vingine vya ladha ya kutungwa na vingine vilivyokamuliwa, wakakuta kemikali ziitwazo nitrati karibu zote ziko kwenye vile vya jani, na nyingine ziitwazo fenoli, ingawa kidogo, zikiwa zaidi huko. Walikuta vilevile kwamba zile nitrosamini za tumbaku, ambazo ndizo huogopwa kwa saratani, pamoja na nitrati, zilikuwa chini mara 200 hadi 300 katika mililita moja ya kimiminika kuliko katika gramu moja ya tumbaku yenyewe. Kwa hiyo ni pungufu sana, lakini si sifuri, na asiyevuta hana sababu yoyote ya kuanza. Na chupa ziwekwe juu, mbali na wajukuu, kwa kuwa nikotini ya kimiminika ni sumu ikimezwa na hupenya hata kwenye ngozi.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili, na jibu langu ni hapana. Najua glisirini inauzwa kila duka la dawa na majani unayo bure, lakini huna vichujio, huna namna ya kujua kiasi cha nikotini kilichotoka, na jani la moshi lina nikotini nyingi. Hujui pia lilipuliziwa dawa gani likiwa shambani. Mfamasia wetu, ambaye ana mizani na vifaa, amelikataa jambo hili nyumbani kwake. Ama lile wazo la jirani yako la kuloweka ugoro, mwambie aliache leo hii: ugoro huchanganywa na magadi, na magadi hayana kazi yoyote kwenye mapafu ya binadamu. Majani yako yanusie, yahifadhi kwenye mtungi, uyalinganishe na chupa itakapofika. Hiyo ni starehe tosha.

Kwa hiyo nunua, lakini kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu mwaka 2016 imeweka mwisho wa miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja, na chupa yenye nikotini haizidi mililita 10. Ndiyo sababu Waitaliano huuza dondoo, yaani kile kilichokamuliwa kwenye jani, peke yake bila kuongezewa nikotini, mara nyingi mililita 20 ndani ya chupa ya mililita 60, mnunuzi akaijaza mwenyewe. Mpwa wako asikuletee hizo, kwa maana utahitaji kununua na vingine vya kuchanganyia na utaanza kuhangaika na vipimo. Akuletee chupa ndogo zilizokwisha kuchanganywa, moja ya Kentucky na moja ya Virginia, nikotini ya chini. Majina ya kuulizia huko ni La Tabaccheria, Azhad's Elixirs na The Vaping Gentlemen Club. Hao wote wanafahamika kwa kazi ya majani. Amuulize muuzaji jani ni la aina gani, limelowekwa katika nini, na kama kuna utamu ulioongezwa. Muuzaji asiyeweza kujibu la kwanza asipewe fedha. Ukiifungua chupa na kuikuta kali puani, ifunge uiweke kabatini gizani kwa wiki mbili tatu, mara nyingi hutulia.

Kifaa chenye betri asiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, akae nacho mkononi. Na kwa kuwa umesema anafikiria kushukia Entebbe ili apitie Bukoba kumsalimu shangazi yake, mwambie abadilishe tiketi au aache mzigo huu, kwa kuwa Uganda imezipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya mwaka 2015, na sitaki kijana aanze kujieleza forodhani kwa ajili ya starehe ya wazee wawili. Ashukie Dar es Salaam, atoe taarifa ya alichobeba akiulizwa, kisha akupigie simu kabla hajapanda basi la Songea.

Nisalimie nyumbani wote.

Wako,
Masalu