Maua Yamejaa, Matunda Hakuna: Kabla Hujaulaumu Mche

Malalamiko tunayoyapokea zaidi kitaluni ni haya: mtango umetambaa vizuri, umechanua, halafu maua yanadondoka bila kuacha kitu. Mteja anaamini tumemuuzia mche mbovu. Sisi humuuliza kwanza: ua lililodondoka ni dume au jike?

Mitango, mimaboga na mitikiti hutoa maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. Ua dume hukaa juu ya kikonyo chembamba, na ndani yake kuna chavua, ule unga wa njano unaoshika kidoleni. Ua jike lina kitunda kidogo chini ya petali tangu kabla halijafunguka. Kwa kawaida madume hutangulia. Yakichanua na kudondoka peke yake siku za mwanzo, hakuna kilichoharibika. Subiri majike yaje.

Wasiwasi uanze pale kitunda chenyewe kinapogeuka manjano na kusinyaa siku chache baada ya ua jike kufunga. Mara nyingi hapo chavua haikufika, au ilifika kidogo mno. Punje ya chavua ikitua kwenye stigma, sehemu inayonata katikati ya ua jike, huota mrija mwembamba unaopenya hadi kwenye ovuli, kijichembe ndani ya kitunda kinachokuja kuwa mbegu. Mrija huo hupeleka seli mbili za kiume. Moja huungana na yai na kuanzisha mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, nyingine huanzisha tishu ya kuulisha. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Sergei Nawaschin, ndiye aliyeueleza muungano huu wa mara mbili mwaka 1898.

Kila mbegu, basi, inadai punje yake ya chavua. Boga lenye mamia ya mbegu linahitaji mamia ya punje, na zikipungua tunda hudumaa, hupinda au hunenepa upande mmoja. (Zipo aina za matango zinazozaa bila kuchavushwa, na matunda yake hayana mbegu. Ukipanda hizo, haya hayakuhusu.)

Chavua ya boga ni nzito na inanata, kwa hiyo upepo hauibebi. Mbebaji ni nyuki. Na muda wake ni mfupi, kwani ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Anayepulizia dawa ya wadudu asubuhi anawaua au kuwafukuza wachavushaji saa ileile anayowahitaji. Kwa maoni yetu, hili huharibu mavuno kuliko ubovu wa mbegu. Kama ni lazima upulizie, fanya jioni nyuki wakisharudi mzingani.

Nyuki wakiadimika, fanya kazi yao. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, ondoa petali, kisha pakaza chavua yake taratibu kwenye stigma ya ua jike. Si ujanja mpya: mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12, alibuni njia rahisi ya kuchavusha vanila kwa mkono, na njia hiyo bado inatumika.

Nyanya ni habari nyingine. Ua lake lina sehemu za kiume na za kike pamoja, linahitaji kutikiswa tu. Joto likizidi sana, hata usiku, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Hapo hakuna mche utakaokuokoa.

Mpapai ndio unaotuletea ugomvi. Kuna mipapai dume, jike, na yenye maua ya jinsia zote mbili, na kwa macho hakuna anayeweza kuitofautisha ikiwa bado miche. Anayekuapia kwamba mche wake uliotokana na mbegu ni jike anabahatisha. Sisi hatuapi. Tunashauri upande miche kadhaa kwenye shimo moja, kisha ung'oe isiyofaa baada ya maua ya kwanza. Dume mmoja abaki shambani kama unao majike.

Unapotutumia picha tukusaidie, piga ua kwa ubavuni, kikonyo kionekane. Picha ya juu haionyeshi kama kuna kitunda. Tuambie pia ulipulizia dawa gani, na saa ngapi.