Nyasi za Mijini Zilikauka, Pampu za Mashambani Hazikuzimwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ukame wa California wa miaka ya 2012 hadi 2016 imewasifu wenye nyumba kwa kubana matumizi ya maji. Sifa hizo wanazistahili. Tarehe 1 Aprili 2015 Gavana Jerry Brown alisimama kwenye milima ya Sierra Nevada, mahali ambapo msimu ule theluji hufika kifuani, akakanyaga majani makavu na kuagiza miji ipunguze matumizi kwa asilimia 25. Watu waliitika. Hapa Fresno nyasi za mbele ya nyumba ziligeuka rangi ya mkeka mkuukuu, na ndoo zikaingia bafuni kukinga maji ya baridi yanayotangulia ya moto.

Lakini agizo lile halikuyabana mashamba, nayo ndiyo yanayotumia takriban asilimia 80 ya maji yote yanayotumiwa na watu jimboni. Tusiwaonee wakulima: mwaka 2014 na 2015 wengi wao hawakupewa hata tone kutoka mifereji ya serikali kuu, na mlozi haungoji mvua ya mwakani. Basi wakachimba visima, virefu zaidi na zaidi. Nani angewazuia? Hadi 2014 jimbo hili tajiri halikuwa na sheria yake ya kusimamia uvutaji wa maji ya chini ya ardhi.

Mwenye pampu ndefu akamkausha jirani. Kule East Porterville visima vya majumbani vilikauka kwa mamia. Familia ziliwekewa matangi nje ya nyumba, zikaoga na kufua kwa maji ya boza, ya kunywa yakaja kwa chupa. Na wengi wa wakazi wale ni vibarua wa mashamba.

Maji yakivutwa mno, ardhi nayo inatitia. Karibu na mji wa Mendota, magharibi mwa Fresno, ilikuwa imeshashuka kama mita 8.5 kati ya 1925 na 1977. Katika ukame ule ikashuka tena katika Bonde la San Joaquin, hata mfereji wa Friant-Kern ukapoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kupitisha maji katika sehemu moja. Ubaya wake ni kwamba tabaka za udongo wa mfinyanzi zikishashindiliwa hazifumuki tena, hata mvua inyeshe namna gani.

Sheria ya maji ya chini ya ardhi iliyopitishwa 2014 imeyapa mabonde ya maji hayo yaliyo taabani zaidi hadi 2040 kujirekebisha. Miaka 26! Aprili 2024 ndipo Bodi ya Maji ya jimbo ilipoliweka bonde la kwanza, Tulare Lake, chini ya uangalizi na kutaka visima vipimwe na kulipiwa. Wakulima wakakimbilia mahakamani.

Mkiirudia mada hii, naomba mwandishi wenu aulize habari za mita za kupimia maji kwenye visima vya mashambani: vingapi vinazo, na nani anazisoma.

Msomaji wenu,
Fresno, California