Kijana yule hakufa ghafla

Mhariri,

Kijana wa bodaboda mliyemwandika wiki iliyopita, aliyevunjika paja akafariki siku ya tatu, mmesema amekufa ghafla. Nimekaa kimya miaka 11. Leo nimeshindwa.

Mfupa mrefu ukivunjika, mafuta ya kwenye uboho huingia kwenye damu yakaziba vimishipa vya mapafu, hata vya ubongo. Madaktari huita embolizimu ya mafuta. Mara nyingi dalili huanza kati ya saa 24 na 72, wakati ndugu wameshaanza kushukuru Mungu.

Miaka hiyo 11 iliyopita, mdogo wangu alivunjika paja Jumamosi. Jumapili alikunywa uji, akaulizia matokeo ya mpira. Jumatatu alfajiri nikamkuta anahema kama aliyekimbizwa, ananiita mama, na mama tulishamzika. Nikamkimbilia nesi. Akanijibu bila kunyanyua kichwa: hiyo ni arosto, walevi wote huwa hivyo. Mdogo wangu hakuwahi kuonja pombe! Shangazi naye akasema ni jini, akatoka kutafuta mtu wa kumsomea. Nilipombadilisha shati nikaona vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya kalamu, vimetapakaa kifuani na kwapani. Nikadhani kunguni. Kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kilikuwepo, juu ya kabati, hakina betri. Daktari wa zamu ya mchana aliviona vile vidoa tu akapaza sauti iletwe oksijeni. Jumanne tulikuwa tunachimba kaburi.

Hakuna dawa ya kuyeyusha mafuta hayo. Wanaopona, nao ni wengi, huponywa na oksijeni, dripu, na ikibidi mashine ya kupumulia, mradi wawahiwe. Kuunga mfupa mapema nako hupunguza hatari. Sisi tuliambiwa upasuaji usubiri malipo ya awali. Na nyie mnaookota majeruhi barabarani mkamrusha kwenye pikapu mguu ukining'inia, fungeni kwanza ubao na khanga!

Kila aliyevunjika paja au muundi abandikiwe karatasi juu ya kitanda kwa siku 3. Kila baada ya saa 4 iandikwe: anapumua mara ngapi kwa dakika, oksijeni asilimia ngapi, anajua yuko wapi? Asubuhi avuliwe shati, atazamwe kwapani penye mwanga. Betri za kifaa kile ni mbili, zile nyembamba. Za wodi ile nitanunua mwenyewe, kila mwisho wa mwezi.

Dada wa marehemu,
Morogoro