Uzio wa Umeme Hauwezi Kushindana na Chambo Ulichokiweka Mwenyewe

Kila mahindi yanapoanza kubeba, lalamiko lilelile hutufikia: mteja amelipia uzio wa umeme, nguruwe pori wameingia shambani, naye anaamini kwamba tumemuuzia waya usio na kazi. Msimu huu lalamiko limetoka kwa mkulima wa upande wa Sengerema, aliyetuita matapeli mbele ya majirani zake. Tulikwenda, tukapima, tukakuta umeme unatosha. Hatua chache nje ya uzio, hata hivyo, palikuwa na shimo lililojazwa mahindi yaliyolowekwa mpaka yakachacha, pamoja na machicha ya pombe, na juu ya mti ilining'inia spika iliyokuwa ikitoa milio ya nguruwe kutoka kwenye simu, ili wanyama wasogee, wamulikwe tochi na kuchomwa mikuki.

Mbinu hiyo aliiona kwenye video za Texas. Kule wanaoitwa kwa spika na kuvutwa kwa mahindi usiku ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa waliotoroka, ambao si wanyama wa asili wa Marekani, na tangu mwaka 2019 jimbo hilo halidai leseni kwa anayewawinda kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe. Nguruwe pori wa kwetu ni mnyamapori anayelindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kumwinda bila kibali ni kosa, hata kama amemaliza viazi vyako vyote. Kwa sababu hiyo hatuweki chambo, hatutegi nyaya wala hatuuzi sumu. Anayetaka wanyama wapunguzwe tunamwelekeza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Hata sheria ikiwekwa kando, chambo kinaharibu kazi yetu. Nguruwe pori hutegemea pua kuliko macho, na harufu ya mahindi yaliyochacha humfikia akiwa mbali, vichakani kwenye mawe. Kundi ambalo lingepita pembeni linapata sababu ya kurudi kila usiku, na likishamaliza kilichomo shimoni linageukia kilicho ndani ya uzio. Mama mmoja wa Magu alikwenda mbali zaidi akaweka chambo chake karibu na banda la nguruwe wake wa kufugwa, bila kufikiri kwamba nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua, na kwamba ugonjwa huo ukiingia bandani hauna tiba. Tulimsihi afukie shimo siku ileile, kabla hatujashusha hata nguzo moja kwenye gari.

Njia ya mkato ya pili ni kuzima usiku mashine inayopeleka umeme kwenye waya, ili kutunza betri. Ngiri hutembea mchana na kulala shimoni, lakini nguruwe pori ni mnyama wa usiku, kwa hiyo anayezima usiku amezima saa za kazi. Nguruwe hukagua kitu kipya kwa pua, ambayo ina unyevu na haina manyoya. Akigusa waya wenye volti 4,000 au zaidi mara ya kwanza, huruka nyuma na kuukumbuka. Akiugusa ukiwa umezimwa, anajifunza kwamba ni kamba tu, na siku utakapouwasha atakuwa amekwishaingiza kichwa na mabega, na mshtuko utamsukuma mbele badala ya kumrudisha alikotoka.

Kuhusu bei, wengi hutulinganisha na fundi anayefunga nyaya mbili kwa urefu wa ng'ombe. Sisi waya wa chini tunauweka kama sentimita 20 kutoka ardhini, kwa sababu nguruwe hapiti juu, anapita chini, na waya huo ndio wenye kazi nyingi: lazima ardhi isawazishwe, mifereji izibwe na majani yafyekwe, la sivyo umeme unavujia kwenye nyasi. Kwenye ardhi ya luseni, yaani ya kichanga, tunaongeza vyuma vya athi, vile vinavyounganisha mashine na ardhi, na kuvizamisha zaidi, maana mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Mzee mmoja wa Misungwi alituambia tupunguze vyuma hivyo, na kiangazi kilipofika akatupigia simu akisema mashine imekufa. Mashine ilikuwa nzima. Wapo pia wanaodai kwamba, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi linalovuka Ziwa Victoria kwenda Sengerema limefunguliwa mwaka 2025 na hatusubiri tena kivuko, bei ya Sengerema ishuke. Nauli tumekwishaipunguza, lakini waya hatununui darajani.

Dhamana yetu inabaki palepale: nguruwe akipenya uzio uliofyekwa chini yake na unaowashwa usiku kucha, tunarudi kurekebisha bila malipo. Tukikuta chambo karibu na uzio, mteja atalipia safari na ufundi, na hatutaanza kazi mpaka shimo lifukiwe.