Usisaini mkopo kwanza

Moshi,
9 Februari

Mpendwa Neema,

Barua yako niliipata Jumatatu, na tangu hapo nawaza huo mkopo. Uweke nyumba rehani ili ununue mashine za kusaga pilipili na kuijaza kwenye chupa! Usisaini kwanza, ndugu yangu.

Unakumbuka duka la mama, kreti za soda zilivyopangwa hadi karibu na dari? Soda ilikuwa Coca-Cola, lakini kiwanda kilichoijaza ni Bonite, hapa hapa Moshi. Wenye jina wanauza kiini tu, yaani mchanganyiko mzito unaoipa soda ladha yake, na kiini cha nchi nyingi za Afrika kinatengenezwa Matsapha, Eswatini. Maji, sukari, gesi, mitambo, chupa, yote hayo ni juu ya anayejaza. Mama naye alibeba sehemu yake: alilipia amana ya chupa, hela yake ikalala stoo ndani ya chupa tupu. Utotoni niliona ni utaratibu tu wa soda. Sasa naelewa kwamba jina lile ni jepesi kwa sababu uzito wake umegawiwa watu wengi, hadi mama.

Coca-Cola wenyewe waliwahi kuubeba uzito huo. Mwaka 2010 walinunua shughuli za mjazaji wao mkubwa wa Amerika Kaskazini, kisha wakaanza kuvirudisha viwanda kwa wengine, na kufikia 2017 walikuwa wamemaliza kwa upande wa Marekani. Mwaka 2012 walikuwa na wafanyakazi zaidi ya 150,000; mwisho wa 2017 wamebaki kama 62,000. Wengi walihama pamoja na viwanda, wakawa wa mwajiri mwingine.

Kwa hiyo nakushauri utafute mwenye kiwanda ambaye mashine zake hazina kazi ya kutosha, akusagie na kukujazia kwa jina lako. Ila mkataba uusome mstari kwa mstari. Mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga, Thomas na Whitehead, walipewa haki ya kujaza Coca-Cola kwenye chupa karibu Marekani nzima kwa dola 1. Mkataba haukuwa na mwisho, na bei ya shira, yaani kiini kilichokwisha kutiwa sukari, ilifungwa humo humo. Sukari ilipopanda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ile bei ikawa kitanzi kwa kampuni, na 1920 wakafikishana mahakamani. Wewe andika miaka, na andika bei itabadilikaje pilipili au chupa zikipanda.

Siri ya viungo usimpe mtu. Vikaange na kuvisaga mwenyewe jikoni kwako, umpelekee mwenye kiwanda vikiwa tayari vimechanganywa. Hicho ndicho kiini chako. Kila akimaliza kujaza, nenda ukaonje, maana mnunuzi akikuta imechacha atalitaja jina lako, la kiwanda halijui.

Na huyo mwenye kiwanda usimkamue. Nimemwona mama akihesabu chupa zilizovunjika usiku, taa imefifia, kila moja ni hasara yake peke yake. Kubalianeni mapema nani analipa kikivunjika kitu, au mzigo ukirudi haujauzwa.

Mama anakusalimu, nawe mfikishie wa kwako shikamoo yangu. Nitumie chupa mbili kwa basi, moja ya ile kali.

Wako akupendaye,
Rehema